Kabla Hujamwomba Baba Dola Mia Mbili

Mdogo wangu uliyeniandikia kutoka Marekani, kwanza hongera. Mwalimu wa bendi akikutoa kwenye klarineti ya kawaida akakukabidhi klarineti besi, hajakuadhibu. Acha wakucheke kwa sanduku hilo zito unalopanda nalo basi la shule. Mara nyingi besi hupewa mtu ambaye mwalimu ana hakika atashika mstari wake peke yake bila kupotea.

Swali lako nimelielewa. Chombo ni cha shule, mauthpisi (kile kipande cha kupulizia) uliyoikuta ndani ya sanduku ina alama za meno ya watu usiowajua, noti za chini zinakohoa kama gari la asubuhi ya baridi, na ukipanda juu inapiga yowe darasa zima likageuka. Umeona mtandaoni mauthpisi ya dola zaidi ya mia mbili, na hujui utaanzaje kumwambia baba.

Tulia. Kabla ya baba, tuichunguze hiyo uliyonayo.

Ivue, ifute, ipeleke dirishani. Tazama ncha, pale palipo pembamba kabisa, na zile kingo mbili zinazobeba ridi, kile kibanzi chembamba kinachotetema. Pitisha ukucha taratibu. Ukucha ukikwama, hata kwenye pengo dogo kama chembe ya chumvi, yowe lako huenda linatoka hapo, na pengo la namna hiyo si la kupaka gundi. Ukiona ukoko mweupe ndani, huo ni uchafu wa mate na maji. Loweka kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, usugue kwa kitambaa laini. Maji ya moto hapana! Mauthpisi nyingi nzuri ni za eboniti, yaani mpira uliofanywa mgumu kwa salfa, na joto huigeuza rangi ikawa kama kijani chafu na linaweza hata kuipinda. Kwa sababu hiyo hiyo usiiache ndani ya gari wakati wa kiangazi.

Halafu ifanyie kipimo hiki. Funga ridi mpya iliyolowa, ziba tundu la chini kwa kiganja, nyonya hewa upande wa ncha mpaka ridi ijibane, kisha itoe mdomoni. Ikikaa imebana sekunde moja au mbili ndipo iachie kwa mlio wa "pah!", hewa haivuji. Ikiachia papo hapo, badilisha ridi urudie. Ikikataa tena na tena kwa ridi nzima, basi huenda uso wa mauthpisi una kasoro.

Bado hatujamaliza. Klarineti besi ina vifuniko vikubwa na vyuma virefu, na ile ya shule imepita kwenye mikono mingi. Chuma kikipinda kidogo tu, kifuniko kimoja hakizibi, na wewe unabaki kuilaumu mauthpisi isiyo na kosa. Muombe mwenzako mwenye besi nzuri upige dakika tano kwa mauthpisi yako kwenye chombo chake. Noti za chini zikitoka vizuri huko, mwambie mwalimu apeleke chombo chenu kwa fundi. Hapo umeokoa hela ya baba.

Jambo jingine, na hapa usininunie: huenda tatizo ni mdomo wako mwenyewe. Waliotoka klarineti ndogo wanang'ata. Besi inaingia mdomoni ikiwa imelala zaidi, unaichukua kwa kina zaidi, na taya linalegea. Rekebisha kile kiguu cha chini kinachosimamisha chombo mpaka mauthpisi ikufuate wewe ulivyokaa wima, si wewe kuinamia mauthpisi.

Haya, tuseme umepitia yote hayo na mauthpisi ndiyo mbovu kweli. Sasa tununue.

Kitu cha kwanza kuuliza ni uwazi wa ncha, yaani nafasi kati ya ncha ya ridi na ncha ya mauthpisi. Inapimwa kwa vipande vidogo vya milimita, lakini mdomo wako utaihisi. Ikiwa wazi sana inataka ridi laini, pumzi nyingi na midomo iliyokomaa. Ikiwa imebana inataka ridi ngumu kidogo na haisumbui sana, ila sauti inaweza kubaki nyembamba. Wewe mwanafunzi chukua ya katikati. Najua umemsikiliza mwanajazi Eric Dolphy akipiga "God Bless the Child" Copenhagen mwaka 1961, yeye na klarineti besi tu jukwaani, na sasa unataka mauthpisi pana ya jazi. Sikukatazi kumpenda. Lakini mwalimu wako atakuomba noti ndefu za chini, kimya kimya, chini ya filimbi zote, na mauthpisi pana itakutoa jasho hapo.

Kwa majina: Selmer C* imekuwa chaguo la kawaida la walimu wa bendi Marekani kwa miaka mingi, na sina ugomvi nayo. Vandoren wana B40 na B46 za besi, nazo zina wapenzi wake. Ila kwa mfuko wa nyumbani kwenu mimi ningeanza na Debut ya Clark Fobes, fundi wa San Francisco aliyeitengeneza kwa ajili ya wanafunzi, au Yamaha 4C. Bei zake ni za chini kwa mbali, na hakuna jaji wa mashindano atakayekuuliza chapa.

Usinunue kwa kusoma sifa. Maduka ya ala za kupuliza huko mara nyingi hutuma mbili tatu ujaribu kwa siku kadhaa, ukirudisha usizotaka. Mtu mzima ndiye atakayeweka kadi, kwa hiyo someni naye masharti. Bandika kiraka cha mpira cha kulinda mauthpisi juu kabla meno hayajagusa. Ukiirudisha na alama, wanaweza kukutoza. Tumia ridi ile ile kwenye zote. Anza noti ya chini kabisa kutoka kwenye ukimya. Vuka kutoka noti za kati kwenda juu, polepole, uone ipi inavuka bila kukwama. Piga ulimi haraka huko chini. Na mtu asimame mwisho wa chumba asikilize, kwa maana wewe unaisikia kupitia meno na fuvu lako, naye anaisikia kama ukumbi utakavyoisikia. Angalia pia kama mkanda wa kushikia ridi ulionao unaitosha, na kama gome la kizibo linaingia kwenye shingo ya chombo bila kulazimisha. Likibana sana, fundi analipunguza kwa msasa. Usipige nyundo, nakujua.

Kuhusu baba: muulize mwalimu kwanza kama kabatini kuna mauthpisi nzima iliyokaa tu. Ikikosekana, usimwendee baba akitoka zamu ya usiku. Msubiri ale, apumzike, mama awepo. Usiseme "wenzangu wote wanazo", sentensi hiyo haijawahi kumshinda mzazi yeyote ninayemjua. Mwambie chombo utakirudisha shuleni ila mauthpisi itabaki yako hata ukihama shule, umuoneshe ile yenye pengo, na umpe bei ya ile ya chini.

Na wewe msomaji mwingine wa Nairobi uliyeniandikia kwamba ridi za klarineti besi hazipatikani karibu nawe: jaribu za saksofoni ya tena. Wapiga besi wengi wanazitumia. Anza na namba 2 au 2.5, uilaze juu ya mauthpisi kabla ya kufunga, utazame kingo. Ridi ikitokeza nje ya kingo hizo upande wowote, jaribu aina nyingine.