Faru wa Laikipia na Nasaba ya Mwanadamu

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Muumba wa kila kilicho hai. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.).

Katika darasa letu la Nakuru, baada ya sala ya Isha, ndugu mmoja mfugaji alituuliza swali ambalo twaona lafaa liwafikie na ndugu zetu wa pwani. Ng'ombe wake hupandishwa kwa mbegu iletwayo na bwana mifugo, nao huzaa. Ama yeye na mkewe, wana miaka tisa hawajaruzukiwa mtoto. Daktari amewaambia kuwa yawezekana yai la mke na mbegu ya mume kukutanishwa nje ya mwili, kisha yakarudishwa. Wazee wake wakasema, "Hiyo ni kufuru, ni kushindana na Muumba." Rafiki zake wakasema, "Lifaalo kwa mnyama lafaa kwa mtu, hata mbegu ikiwa ya mwengine." Akauliza: ni nani msema kweli?

Twajibu: si hawa wala si wale.

Tuanze na mnyama. Katika mbuga ya Ziwa Nakuru wako faru weupe wa kusini. Wenzao wa kaskazini waliangamizwa na majangili, na dume wa mwisho, aliyeitwa Sudan, akafa huko Ol Pejeta, Laikipia, tarehe 19 Machi 2018. Wakabaki majike wawili, Najin na bintiye Fatu, wasioweza kubeba mimba. Agosti 2019 wataalamu waliyatoa mayai yao, wakayapeleka Italia, wakayatia mbegu iliyogandishwa ya madume waliokwisha kufa, mmoja wao Suni, aliyekufa mwaka 2014. Azma yao ni kuitia mimba hiyo katika tumbo la jike wa kusini. Mwaka 2023 walijaribu kwanza kwa mimba ya faru wa kusini watupu, nayo ikashika. Lakini jike yule akafa kwa maradhi ya bakteria, na tumboni mwake kikakutwa kijusi cha siku 70.

Basi wazee wetu na watazame: wataalamu hao hawakuumba yai wala mbegu. Walivikuta vimeumbwa, wakavikutanisha, na kifo kikaja bila ya idhini yao. Suratul-Waqi'a yatutaka tuitazame mbegu yetu, tujiulize muumba wake ni nani. Mkulima wa Molo apandaye viazi hajidai kuviumba. Na Mtume (s.a.w.) ametuamrisha kujitibu, utasa nao ni maradhi.

Na rafiki zake nao watazame: faru yule mbegu yake ni ya maiti, na tumbo ni la mwengine. Kwa faru hapana madhara, kwani hana mirathi, hana eda, hana maharimu. Mwanadamu anavyo vyote. Mtoto asiyejulikana baba yake atamrithi nani? Ataoaje bila ya khofu ya kumwoa dada yake?

Kwa hivyo Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lililokutana Amman, Jordan, Oktoba 1986, lilizipima njia saba. Tano likaziharimisha: kila iliyoingiza mbegu, yai au tumbo la mtu wa tatu, hata tumbo likiwa la mke mwenza. Mbili likaziruhusu panapo haja, nazo ni za mke na mume peke yao, ikiwa mbegu itatiwa ndani ya mwili wa mke, au itakutanishwa na yai nje kisha irudishwe kwake.

Tulimwambia ndugu yetu: nenda na mkeo, ndoa yenu ikiwa imesimama, na mtake kwa maandishi kuwa mbegu zenu hazitachanganywa na za wengine. Na wewe pia upimwe. Wangapi wamewaacha wake zao kwa utasa, na ila ilikuwa yao wenyewe! Hiyo ni dhulma, na mwenye kuitenda ataulizwa.

Matibabu haya ni ghali, wala si wajibu. Asiyeweza hana lawama. Nabii Zakariya aliomba mtoto mfupa wake umekwisha dhoofu, akapewa. Dawa ni sababu tu. Mwenye kutoa ni Mwenyezi Mungu.

Wallahu aalam.