Miamba na Visiwa vya Liuli, Ziwa Nyasa: Mwongozo kwa Msafiri Atokaye Songea

Mkoa wa Ruvuma, ambao makao yake makuu ni mji wa Songea, hufahamika zaidi kwa historia ya Vita vya Maji Maji na kwa wingi wa mahindi yake kuliko kwa maji. Hata hivyo upande wake wa magharibi unaishia katika Ziwa Nyasa, na katika ukingo huo, kati ya Mbamba Bay na Liuli, mna visiwa vidogo na miamba mikubwa iliyosimama majini, ambayo watalii wachache mno wamekwisha kuifikia. Mwongozo huu unahusu hasa Jiwe la Pomonda, lililo katika ghuba ya Liuli, pamoja na visiwa vya Hongi na Lundo vilivyo katika ukanda huohuo. Linalofaa kutangulizwa ni kwamba sehemu kubwa ya thamani ya miamba hii iko chini ya uso wa maji, na kwa hiyo msafiri afikaye siku ya upepo mkali, akapiga picha zake kutoka ufukweni na kugeuza, atakuwa ameikosa nusu iliyo bora ya kile alichokifuata.

Safari ya kutoka Songea hupitia Mbinga, umbali wa takriban kilomita 100, kisha huteremka kilomita nyingine zipatazo 67 hadi Mbamba Bay, ambako ndiko makao makuu ya Wilaya ya Nyasa, wilaya iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012. Kipande hicho cha mwisho kilikuwa kwa miaka mingi barabara ya vumbi na utelezi iliyowatisha madereva wakati wa masika, lakini sasa kina lami. Msafiri asiyekuwa na haraka atafaidika akisafiri mchana, kwa sababu barabara hiyo hukatiza nchi ya Wamatengo, wakulima wa kahawa ambao kilimo chao cha ngoro, yaani cha kuchimba mashimo mengi yaliyopangwa kwa safu katika miteremko ili maji ya mvua yasichukue udongo, huonekana vizuri kutoka dirishani. Kisha ghafla ziwa hujitokeza chini kabisa ya milima, likiwa kwenye mwinuko wa mita zipatazo 474 tu juu ya usawa wa bahari, na baridi ya Mbinga hugeuka joto. Kutoka Mbamba Bay, Liuli iko upande wa kaskazini, nayo hufikiwa kwa gari au bodaboda kwa barabara ya kando ya ziwa, au kwa boti. Meli ya abiria ya MV Mbeya II, iliyoanza kazi mwaka 2021, nayo huhudumia bandari za upande wa Tanzania, ila ratiba za meli za ziwa hili hubadilika, na ni busara kuulizia bandarini kabla ya kuitegemea.

Wakati wa kwenda huamuliwa na upepo kuliko na mvua. Mvua za eneo hili hunyesha kwa msimu mmoja, kuanzia takriban Novemba hadi Aprili, na msafiri wa kawaida angedhani kwamba miezi mikavu inayofuata ndiyo bora yote. Kumbe kati ya Mei na Agosti huvuma upepo wa kusini-mashariki, ambao wavuvi wa ziwa hili huuita mwera, na ambao unaweza kuvuma siku kadhaa mfululizo na kuinua mawimbi yasiyofaa kwa mtumbwi hata kidogo. Miezi ya Septemba na Oktoba, na mara nyingi mwanzo wa Novemba, ndiyo inayounganisha ukavu na utulivu wa maji. Hata katika miezi hiyo asubuhi ni bora kuliko alasiri, na mvuvi anayesema kwamba leo hapaendeki hastahili kubembelezwa wala kuongezewa fedha.

Miamba yenyewe inahitaji maelezo kidogo, kwa kuwa wageni wengi huidhania kuwa imeporomoka kutoka milimani. Ziwa Nyasa limejaa katika ufa wa Bonde la Ufa, yaani mahali ambapo gamba la dunia limepasuka na sehemu yake ya kati kuzama, na ndiyo maana kina chake hufikia karibu mita 700 huku milima ikisimama karibu kabisa na maji. Ukingo wake wa mashariki una miamba migumu ya kale sana, yenye nyufa zilizokatana. Maji ya mvua yalipopenya katika nyufa hizo kwa muda mrefu yaliozesha mawe kuanzia kwenye kona na kingo, yakabakiza katikati mabonge ya mviringo yaliyozungukwa na udongo laini, na baadaye mvua na mawimbi vikauosha udongo huo, mabonge yakabaki yamepandana. Kwa maelezo haya, mawe yanayoonekana kana kwamba yamebebwa na kupangwa na mtu kwa hakika hayajasogea sana: kilichoondoka ni udongo uliokuwa kati yake.

Pomonda ni mfano mkubwa wa jambo hilo, na umbo lake limewahi kuipa bandari nzima jina. Wajerumani waliita Liuli Sphinxhafen, yaani Bandari ya Sphinx, kwa sababu mwamba wa hapo uliwakumbusha sanamu ya kale ya Misri yenye mwili wa simba na kichwa cha mtu. Mwezi Agosti 1914 jina hilo liliingia katika historia ya Vita Kuu ya Kwanza, pale meli ya Waingereza Gwendolen, chini ya Kamanda Rhoades, ilipoishambulia meli ya Wajerumani Hermann von Wissmann, iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Nahodha wa Kijerumani, aliyefahamiana vema na Rhoades, alikuwa hajapata habari kwamba vita vimetangazwa. Tukio hilo, ambalo mara nyingi hutajwa kuwa mapambano ya kwanza ya majini katika vita hivyo, halikuacha mabaki ya kutazamwa, na mgeni asitarajie makumbusho. Kinachoonekana ni ghuba yenyewe, ambayo kina na kinga yake vinaeleza kwa nini meli zililetwa pale.

Kilicho na alama dhahiri zaidi ni historia ya misheni. Liuli ilikuwa kituo cha UMCA, chama cha wamisionari wa Kianglikana kilichofanya kazi pia Unguja na Masasi, na hapo ndipo alipozikwa William Percival Johnson, Akidikoni wa Nyasa, aliyefariki mwaka 1928 baada ya kuhudumu katika pwani za ziwa hili kwa miongo kadhaa licha ya macho yake kuharibika. Hospitali ya Mtakatifu Anne, iliyotokana na misheni hiyo, ingali ikiwahudumia wakazi, na msafiri anafaa kuifahamu kwa sababu nyingine isiyo ya historia: ni msaada wa karibu endapo ataumia kwenye mawe.

Kwa upande wa maji, hakuna kinachozidi mbuna. Hili ni jina la jumla la samaki wadogo wa rangi kali, bluu, manjano, chungwa, wanaoishi karibu na mawe tu, wakikwangua mwani na vijidudu vilivyomo, na ambao majike wao hutunza mayai na makinda kinywani. Kwa kuwa wengi wao hawathubutu kuvuka eneo la mchanga au kina kirefu, kila kisiwa cha mawe huwafungia wake, na baada ya vizazi vingi samaki wa mwamba mmoja hutofautiana kwa rangi na wa mwamba wa jirani. Hali hii ni sehemu ya sababu ya Ziwa Nyasa kuwa na mamia ya aina za samaki wasiopatikana penginepo duniani. Hongi, kisiwa ambacho wakazi wengi wa Songea hawajawahi kukisikia, kinatajwa kila siku na wafugaji wa samaki wa mapambo huko Ulaya na Marekani, kwa sababu aina moja ya mbuna huuzwa kwa jina hilo. Miwani ya kuogelea inatosha kuwaona, mradi maji yametulia, na haifai kuwanasa: kusafirisha samaki hai kunahitaji vibali.

Boti au mtumbwi hupatikana kwa kuzungumza na wavuvi, lakini utaratibu ulio bora ni kuanzia ofisi ya kijiji, kujitambulisha kwa mwenyekiti au mtendaji, na kumwomba aelekeze mtu wa kuaminika. Kufanya hivyo huokoa maswali baadaye, hasa kwa mgeni mwenye kamera. Wazee husalimiwa kwa shikamoo kabla ya neno lolote la biashara. Bei na muda wa kurudi vikubaliwe kabla ya kupanda chombo, na jaketi okozi zibebwe kutoka Songea au Mbamba Bay, kwa sababu mitumbwi mingi haina. Kwenye mawe yenye mwani viatu vya kushika vizuri ni lazima.

Kichocho, ugonjwa unaoletwa na minyoo inayotoka kwenye konokono wa majini na kupenya ngozi, upo katika ziwa hili. Hatari yake ni kubwa zaidi kwenye maji yaliyotuama yenye majani kuliko kwenye miamba iliyo wazi, lakini haipotei, na aliyeogelea anafaa kupimwa wiki kadhaa baadaye, kwa kuwa dawa yake ipo na hufanya kazi vizuri. Mamba na viboko hukaa hasa karibu na midomo ya mito, na kuhusu mahali salama pa kuoga hakuna mwenye mamlaka kuliko wakazi. Chandarua kinahitajika kila usiku.

Chakula ni ugali, mara nyingi wa mihogo, pamoja na usipa, dagaa wa ziwa hili, au mbasa, ambaye ni mkubwa na mnono na ambaye mwandishi yeyote mwaminifu atalazimika kumpendekeza mbele ya wengine wote. Fedha taslimu zibebwe za kutosha.

Mwisho, ikumbukwe kwamba ng'ambo ya Mbamba Bay ni Nkhata Bay ya Malawi, na kusini zaidi ni Msumbiji. Asiyekuwa na pasipoti iliyogongwa muhuri na Uhamiaji asikubali kuvushwa, hata akiambiwa kwamba kisiwa cha Likoma na kanisa lake kuu la mawe ni mwendo mfupi tu.