Hesabu ya Njia katika Mitandao ya Kompyuta

Wengi wetu hudhani kwamba ujumbe wa intaneti huruka moja kwa moja kutoka kwa mtumaji hadi kwa mpokeaji. Sivyo. Ujumbe hukatwa vipande vidogo viitwavyo pakiti, na kila pakiti hupita katika mashine nyingi zilizounganishwa kwa waya. Mashine hizo huitwa ruta. Kazi ya ruta ni kutazama pakiti inakwenda wapi, kisha kuisukuma kwa ruta inayofuata.

Wenzangu wa kidato cha nne wameniuliza mara nyingi: ni nani anayeiambia ruta njia ya kufuata? Nimeona yafaa nilijibu swali hilo katika gazeti letu, ili wadogo zetu na wazazi wetu nao wapate kujua. Jibu lake kwa ufupi ni kwamba ruta hupiga hesabu. Lakini hesabu hiyo haifai kitu kama kila ruta inapiga ya kwake. Lazima zote zifuate kanuni moja.

HESABU YENYEWE

Hesabu itumikayo sana ilibuniwa na Bw. Edsger Dijkstra, Mholanzi, mwaka 1956, naye akaichapisha mwaka 1959. Ndugu msomaji, chukua karatasi uandike vituo vitano: A, B, C, D na E. Piga mstari toka A hadi B, uandike gharama 2. Toka B hadi C, andika 2. Toka C hadi D, andika 1. Toka D hadi E, andika 1. Mwisho piga mstari mmoja toka A hadi E moja kwa moja, uandike 10. Gharama hapa si fedha. Ni tarakimu anayoipanga mwenye mtandao, na aghalabu waya wenye nafasi kubwa hupewa gharama ndogo.

Sasa twataka kutoka A kwenda E. Toka A twaweza kufika B kwa 2, au E kwa 10. Ndogo ni 2, basi twaifunga B, maana hakuna njia nyingine itakayofika B kwa chini ya hapo. Toka B twafika C kwa 4, twaifunga C. Toka C twafika D kwa 5; twaifunga D. Toka D twafika E kwa 6. Kwa kuwa 6 ni ndogo kuliko 10, twafuta 10 na kuandika 6. Njia yenye vituo vingi imekuwa nafuu kuliko ile ya moja kwa moja.

Kanuni basi ni hii: kila mara funga kituo kilicho karibu kuliko vyote ambavyo havijafungwa, kisha tazama kama kupita hapo kutapunguza gharama ya kufika kwa majirani zake.

KWA NINI KANUNI IWE MOJA

Tuseme ruta A inafuata gharama, kama tulivyofanya sisi, lakini ruta B, iliyotengenezwa na kampuni nyingine, inahesabu idadi ya hatua tu. Pakiti iendayo E yafika A. A yaona kwamba njia nafuu ni kupitia B, nayo yaipeleka huko. B yahesabu: kupitia C ni hatua tatu, kupitia A ni hatua mbili. Basi B yairudisha A. A yaipeleka tena B, na B yairudisha tena. Hakuna ruta iliyokosea hesabu yake, lakini pakiti haifiki.

Kwa sababu ya hatari hiyo, kila pakiti hubebeshwa tarakimu isiyozidi 255, ambayo hupunguzwa moja katika kila ruta. Ikifika sifuri, pakiti hutupwa. Tarakimu hiyo huizuia pakiti isizunguke milele, lakini haiwezi kuifikisha iendako. Kinachoifikisha ni mapatano.

MAPATANO HUFANYWAJE

Tarehe 7 Aprili 1969, Bw. Steve Crocker, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles, aliandika waraka wa kwanza wa kupatanisha kompyuta za mtandao ulioitwa ARPANET. Waraka huo uliitwa ombi la maoni, si amri, na nyaraka za namna hiyo zingali zikiitwa hivyo mpaka leo.

Tangu Januari 1986 kazi hiyo hufanywa na jumuiya ya mafundi iitwayo IETF, ambayo mkutano wake wa kwanza ulikuwa na watu 21 tu. Jumuiya hiyo haina kadi ya uanachama. Mtu yeyote aweza kushiriki. Hawapigi kura. Hutafuta maafikiano ya jumla, na hutazama kama programu zilizoandikwa kwa kufuata kanuni hiyo zafanya kazi kweli. Rasimu isiyofanywa upya huisha muda wake baada ya miezi sita. Kwa utaratibu huo ndipo ilipopatikana OSPF, kanuni ya ruta zitumiazo hesabu ya Bw. Dijkstra. Ilitolewa mara ya kwanza mwaka 1989, na maelezo ya toleo lake la pili yamo katika waraka namba 2328 wa mwaka 1998.

NJIA FUPI HAITOSHI

Tarehe 12 Mei 2024, mikongo miwili ya baharini, EASSy na SEACOM, ilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini. Hapa Tanzania, na katika nchi jirani pia, intaneti ilikuwa ya taratibu mno. Njia nyingine zilikuwapo, lakini zilielemewa. Yaani njia kuwapo ni jambo moja, na njia kuwa na nafasi ni jambo jingine.

Kwa hiyo mafundi huongeza hatua moja: kwanza futa kila mstari usio na nafasi ya kutosha, ndipo upige hesabu. Katika mfano wetu, kama mstari wa C na D umejaa, ufute. Hapo njia ya A hadi E itakuwa ile ya gharama 10, na ni halali kuifuata.

Lakini kuna shida nyingine. Mitandao ina wenyewe, na kila mwenye mtandao huficha ramani ya ndani. Ruta iliyo katika mtandao mmoja haiwezi kupiga hesabu ya njia inayopita katika mitandao mitatu. Katika Agosti 2006, Bw. Farrel, Bw. Vasseur na Bw. Ash walitoa waraka namba 4655, ulioeleza mpango wa kuwa na Mpiga Hesabu wa Njia. Ruta humwuliza, naye hujibu. Machi 2009 ukatoka waraka namba 5440, unaopanga lugha ya mazungumzo yao. Ruta husema, "Nataka kufika pale, nahitaji nafasi kiasi hiki." Mpiga Hesabu hujibu kwa kutaja njia, au husema wazi kwamba njia hakuna.

Mwaka huo huo ulitolewa utaratibu wa kushirikisha Wapiga Hesabu kadhaa. Hesabu huanzia mwisho wa safari na kurudi nyuma. Wa mtandao wa mwisho humwambia mwenzake gharama ya kufika toka kila lango la kuingilia. Mwenzake huongeza ya kwake, mpaka wafike mwanzo. Hivyo njia nafuu yapatikana, na hakuna aliyelazimika kutoa ramani yake yote.

Wanafunzi wenzangu, nyaraka hizi zote husomwa bure, na ule wa kwanza uliandikwa na mwanafunzi. Wanaoandika kanuni ndio wanaoamua shida ya nani itazingatiwa. Sisi tunaotegemea mikongo michache ya baharini tuna shida za kutosha za kuwaeleza. Hisabati tunayoilalamikia darasani ndiyo itakayotuwezesha kuzieleza.

ZOEZI

Katika mchoro wako, badili gharama ya B na C iwe 7. Ruta zote zafuata gharama. (1) Pakiti itokayo A kwenda E itapita wapi? (2) Itokayo B kwenda E itapita wapi? (3) Je, kuna pakiti itakayozunguka bila kufika? Eleza kwa nini.