Matibabu ya Ulevi kwa Mgonjwa Alalaye Kwake



Mara nyingi jamaa za mlevi huja kwa mwalimu kabla hawajaenda kwa daktari. Huja usiku, maana wanaona haya, nao huuliza neno moja tu: "Tumpeleke wapi?" Mwalimu asiye na jibu huwaambia, "Tuombe," kisha huwaacha waende zao. Kuomba ni kwema. Lakini mtu aliyevunjika mguu twamwombea na kumchukua hospitali siku iyo hiyo. Kwa hiyo mwezi huu hatutanena juu ya ubaya wa ulevi, mambo ambayo mmekwisha kuyasikia mara nyingi. Twataka kujifunza jinsi ya kuchagua mahali pa kutibiwa, hasa matibabu yale ambayo mgonjwa huyaendea mchana, kisha hurudi kulala nyumbani kwake.

Kwanza yapasa tujue ugonjwa wenyewe. Siku hizi waganga huuita uraibu. Mtu aliyekunywa pombe kali kila siku kwa miaka mingi, au aliyezoea heroini, ubongo wake umegeuka. Umejizoeza kufanya kazi pamoja na kileo, na kileo kikiondolewa hauwezi kutulia. Asemaye kwamba mlevi amekosa nia tu, amesema nusu ya neno. Nia yahitajika sana, lakini nia haizuii mikono kutetemeka. Mwaka 1877 mchungaji Louis-Lucien Rochat alianzisha mjini Geneva chama cha Msalaba wa Buluu, na watu wengi wakaweka ahadi ya kuacha vileo. Ahadi namna hiyo imewasaidia maelfu, nami siidharau. Walakini ahadi ni mlango wa matibabu, wala si matibabu yenyewe. Na mzee wa kanisa anayemwandikisha mlevi ahadi Jumapili, kisha asimwulize hali yake Jumanne, amefanya kazi kidogo sana.

Je, kila mgonjwa aweza kutibiwa huku akilala kwake? Hapana. Hapa pana hatari ambayo watu wengi hawaijui, nami nataka mkae hapa kidogo.

Katika mtaa mmoja wa milimani alikuwako seremala, mtu wa kazi nzuri, aliyekunywa gongo tangu asubuhi hata jioni kwa miaka kumi na zaidi. Ndugu zake wakafanya shauri. Wakamfungia katika ghala ya mahindi, ili pombe imtoke. Siku ya kwanza alitoka jasho na kutetemeka, nao wakasema, "Vema, inamtoka." Siku ya pili alianguka kifafa, naye hakuwa na kifafa tangu utoto wake. Siku ya tatu akaona wadudu ukutani wasiokuwapo, akawapigia kelele watoto wake kana kwamba ni wevi. Mkewe ndiye aliyevunja kufuli. Wakamchukua hospitali juu ya kitanda cha kamba, naye akapona. Lakini daktari aliwaambia wazi kwamba wangalikawia usiku mmoja tu wangalirudi na maiti.

Ndugu zake hawakuwa watu wabaya, hawakujua tu. Mtu aliyezoea kunywa kila siku, akiacha kwa ghafula, huanza kutetemeka baada ya muda wa saa 6 hivi au siku moja. Kifafa chaweza kuja katika siku mbili za kwanza, na kuweweseka kukubwa, pamoja na homa na moyo kwenda mbio, huja siku ya pili hata ya nne. Hali hiyo huua. Basi mtu aliyewahi kupata kifafa alipoacha pombe, au aliyewahi kuweweseka, au mwenye ugonjwa mwingine mzito, au asemaye kwamba anataka kujiua, au asiye na mtu mzima wa kukaa naye usiku, huyo alazwe kwanza. Huko hospitali atapewa dawa ya kumtuliza, kama diazepamu, ambayo hupunguzwa siku kwa siku, na vitamini B1 iitwayo thiamini. Hii ya pili bei yake ni ndogo, lakini mlevi asipoipata aweza kupotewa na kumbukumbu asiipate tena maisha yake yote. Siku hizo zikipita ndipo kliniki ya kwenda na kurudi inapoweza kumfaa.

Mgonjwa mwingine, ambaye hakunywa kwa wingi namna hiyo, ambaye ana nyumba na jamaa na kazi, aweza kuanza kliniki moja kwa moja. Tena huyu ana faida moja: anajifunza kuishi pasipo pombe mahali pale pale palipo na pombe, yaani njiani kwake, sokoni, arusini. Aliyepelekwa mbali miezi mitatu huacha kwa urahisi, kwa kuwa huko hakuna wa kumnywesha. Akirudi hukuta kilabu pale pale kilipokuwa.

Sasa jamaa wamefika mahali wanapopafikiria. Waulize nini? Neno la kwanza: Ni nani atakayempima mgonjwa, naye atampima kabla ya kutaja bei au baada yake? Kituo chema huuliza anatumia nini, kiasi gani, tangu lini, na alipata nini alipojaribu kuacha. Hupima damu, kwa maana wengi wa hawa wana virusi vya UKIMWI, au kifua kikuu, au homa ya ini, nao hawajijui. Huuliza pia habari za huzuni na hofu, kwa kuwa mara nyingi ugonjwa wa moyo ulitangulia na pombe ikaja nyuma yake kama dawa. Kituo kinachowapa watu wote ratiba moja, mzee wa gongo na kijana wa heroini na msichana wa vidonge, hakijampima mtu hata mmoja.

Neno la pili: Wana dawa, na ni nani anayeziandika? Kwa ulevi wa pombe ziko dawa kadha wa kadha. Naltreksoni hupunguza tamaa na utamu wa kunywa. Lakini yule anayetumia heroini akipewa hiyo wakati heroini ingali mwilini, atapata mateso makali, na kwa hiyo mgonjwa hana budi kumwambia daktari kweli yote. Iko disulfiramu, ambayo Jens Hald na Erik Jacobsen wa Denmark waliitangaza mwaka 1948: aliyeimeza akinywa pombe, uso humwiva, moyo humpiga, hutapika, naye aweza kuzimia. Nimesikia jamaa wakiulizana kama inawezekana kuitia dawa hii katika uji wa mlevi bila yeye kujua. Msithubutu! Asiyejua kwamba ameimeza atakunywa kama kawaida yake, naye aweza kufa, na mkono uliomuua utakuwa mkono wa mkewe. Dawa hii ni ya mtu anayeitaka mwenyewe, tena moyo wake na ini lake vimepimwa.

Kwa heroini habari ni nyingine, na hapa Tanzania tumepata njia iliyo wazi. Mwezi wa Februari 2011 hospitali ya Muhimbili ilifungua kliniki ya methadoni. Mwaka 2012 ikafuata Mwananyamala, kisha Temeke, na baadaye miji mingine kama Mbeya, Mwanza, Dodoma, Arusha na Tanga. Unguja walianza Kidongo Chekundu mwaka 2015. Kenya nao walianza Mathari, Nairobi, mwishoni mwa 2014. Methadoni ni dawa ya kunywa. Mgonjwa huja kila siku, hata siku za sikukuu, hunywa mbele ya mtumishi wa dawa, akaenda kazini. Nguvu yake hukaa mchana na usiku, mwili hauumi tena, wala hahitaji kuiba ili apate kete. Kwa desturi mgonjwa haendi dirishani peke yake siku ya kwanza. Hutayarishwa na kuletwa na chama kinachowahudumia waraibu mitaani. Dawa yenyewe hutolewa na serikali bila malipo.

Wako Wakristo wanaosema, "Huku ni kubadili ulevi kwa ulevi." Nawajibu hivi. Yule aliyekuwa akijidunga sindano za kuazimana mara nne kwa siku, sasa anakunywa kikombe kidogo mara moja, analala usiku, anakula, anameza dawa zake za virusi, na mama yake ameweza kuacha mlango wazi. Mwenye kuona mambo haya mawili kuwa ni sawa, na aende dirishani saa moja ya asubuhi akawatazame. Tangu mwaka 2005 Shirika la Afya la Dunia limeiweka methadoni katika orodha ya dawa za lazima. Nalo hushauri kipimo cha kumshika mtu, ambacho huwa kati ya miligramu 60 na 120 kwa siku. Huanzwa kidogo na kupandishwa polepole, maana kupandisha haraka ni hatari. Kituo kinachompa mtu kidogo siku zote, kikiona fahari kwamba kinatoa kidogo, kitampoteza.

Sasa nauli. Msilipite jambo hili kana kwamba ni dogo. Matibabu ni bure, lakini dirisha ni la kila siku, na dalala za kwenda na kurudi siku thelathini ni fedha nyingi kwa kijana asiye na kazi. Nimeona kituo kizuri kikishindwa na kituo cha kawaida kwa sababu hiyo tu: kizuri kilikuwa mbali. Kabla ya kuchagua, pigeni hesabu ya mwezi mzima, mkaulize ni nani atakayetoa. Sanduku la maskini la usharika laweza kununua nauli ya mtu mmoja kwa mwezi wa kwanza, nami naona ni matumizi mema kuliko mengi tuyafanyayo. Angalieni na saa za kufungua. Seremala wetu alipewa siku ya Jumatano alasiri, nayo ndiyo siku ya soko na ya kuuza viti. Mkewe akaomba apewe Jumatatu, akapewa. Asingeliomba, angaliacha katika mwezi wa pili.

Neno jingine ni muda. Anayewaahidi kwamba mtu atapona kwa siku saba, mwondokeeni. Wataalamu wa Marekani waliochunguza mambo haya husema kwamba matibabu yasiyofika siku 90 huleta faida ndogo, na kwa methadoni mwaka mmoja ndio kiasi cha chini kabisa. Kwao huko ziko kliniki ambazo mgonjwa alalaye kwake hukaa darasani na kwa mshauri saa 9 au zaidi kwa juma. Huku kwetu si rahisi kuzipata, lakini haidhuru kuuliza: Kwa juma moja atamwona mshauri mara ngapi, naye mshauri ana wagonjwa wangapi?

Mwondokeeni pia anayempiga mgonjwa au kumfunga mnyororo; anayewakataza jamaa wasimwone; anayemwamuru aache dawa za UKIMWI au za kifafa kwa kuwa amekwisha kuombewa. Nyumba za kukaa bila ulevi ziko nyingi, na nyingine zinafanya kazi njema sana, hasa zile zinazoongozwa na watu waliopona wenyewe. Walakini liko jambo ambalo kila nyumba yapasa kuwaambia jamaa siku ya kumwachilia mtu wa heroini: mwili uliokaa miezi miwili bila dawa hausahau tamaa, lakini husahau kiasi. Akirudia kipimo chake cha zamani hata mara moja, pumzi hukatika. Vijana wengi hufa hivyo katika majuma ya kwanza nyumbani, wakati ambapo jamaa wamekwisha kufurahi. Kwa hiyo ulizeni: Akitoka hapa, ni kliniki gani itakayompokea kesho yake? Na je, iko dawa ya naloksoni karibu, ambayo humrudishia pumzi aliyezidiwa na heroini? Asiyeweza kujibu hili hajamaliza kazi yake.

Wanawake husahauliwa. Ukienda kwenye dirisha la methadoni utaona wanaume wamejaa, na wanawake ni wachache sana, wala si kwa sababu hawaumwi; wanaogopa macho ya watu, au hawana wa kumwachia mtoto. Mwenye mimba anayetumia heroini asiambiwe aache ghafula, kwa kuwa aweza kumpoteza mtoto. Methadoni hupewa hata mwenye mimba, chini ya daktari. Ulizeni kama yuko mtumishi mwanamke, na kama mtoto aweza kuja naye.

Swali la mwisho ndilo ninalolipenda kuliko yote, nami huwashauri jamaa waliulize wakiwa wamesimama mlangoni: "Akianguka, mtamfanyaje?" Maana ataanguka. Seremala alianguka mara mbili katika miezi sita ya kwanza. Mara ya pili alikunywa siku nne, naye akarudi kliniki kwa miguu yake mwenyewe, kwa kuwa alijua hawatamfukuza. Walimpima upya, wakabadili dawa, wakamwita mkewe wakazungumza naye peke yake. Mwenye kituo akijibu, "Anayeanguka hatumpokei tena," mwulizeni mtu huyo huenda wapi siku hiyo. Akijibu, "Huja asubuhi yake, tukaanza tena," andikeni jina la kituo hicho katika kitabu cha mtaa, pamoja na siku zake na saa zake za kufungua.