Korodani za Silikoni na Masikio ya Simba

Wanachuo wenzangu, sisi wa ualimu tunafundishwa kwamba hakuna swali la kijinga. Nikiwa kwenye mazoezi ya kufundisha katika wilaya ya Serengeti, niliisahau kanuni hiyo kwa muda wa dakika moja tu, na dakika hiyo imenifundisha kuliko semista nzima.

Ilikuwa Biolojia, Kidato cha Tatu, mada ya uzazi. Kipindi ni cha Kiingereza, lakini swali lilikuja kwa Kiswahili kutoka benchi la nyuma: "Mwalimu, eti ni kweli Wazungu wanamwekea mbwa pumbu za plastiki?" Darasa zima likaangua kicheko. Mimi nikaona natiwa majaribuni. Nikamwambia akae chini, tuendelee na somo. Akakaa, na hakunyoosha mkono tena wiki nzima.

Jioni nikatafuta. Kumbe kijana alikuwa sahihi.

Kifaa hicho kinaitwa Neuticles. Kilibuniwa na Mmarekani Gregg Miller wa jimbo la Missouri, baada ya mbwa wake Buck kuhasiwa na yeye mwenyewe kuingiwa na majuto. Mbwa wa kwanza aliwekewa mwaka 1995. Ni korodani bandia, mwanzoni za plastiki ngumu, baadaye zikatengenezwa pia za silikoni laini. Daktari wa mifugo anapomhasi mnyama, huzipachika mle mle zilimotoka za asili kabla ya kushona. Zipo za mbwa, za paka, hata za farasi. Mwaka 2005 Miller alipewa tuzo ya Ig Nobel ya tiba, ile ya uvumbuzi unaochekesha kwanza halafu unafikirisha.

Tuanze na kufikiri. Korodani ya asili ina kazi mbili: kutengeneza mbegu na kutoa homoni ya kiume. Ya silikoni haifanyi hata moja. Mbwa humjua mwenzake kwa pua, na harufu ya homoni haitoki kwenye silikoni. Kwa hiyo anayefarijika ni mwenye mbwa. Hata hivyo, tusimcheke Miller haraka. Hoja yake ni kwamba wapo watu, hasa wanaume, wanaokataa kuhasi mbwa kwa sababu wanaona kama wanahasiwa wao. Kama kipandikizi kitamfanya mtu kama huyo akubali, watapungua watoto wa mbwa wanaozaliwa na kutupwa. Hiyo ni hoja ya kweli.

Lakini kuna upande mwingine. Wapo mbwa wanaozaliwa na korodani moja isiyoshuka, na kasoro hiyo hurithiwa. Ukimpachika ya bandia ukampeleka kwenye mashindano, unaficha kasoro ambayo wanawe wataibeba. Ndiyo maana chama cha mbwa cha Marekani, American Kennel Club, humwondoa mashindanoni mbwa aliyebadilishwa umbo kwa njia za bandia. Saudi Arabia nao yamewakuta: mwaka 2018 ngamia 12 waliondolewa kwenye mashindano ya urembo ya tamasha la Mfalme Abdulaziz, kwa sababu walichomwa sindano za botoksi ili midomo na nyuso zao zipendeze.

Hapo nilikuwa nimeshapata somo zuri la kuwacheka Wazungu na Waarabu. Ijumaa nikapanda basi kwenda nyumbani Tarime, na somo likanigeukia.

Nilimkuta mdogo wangu uani akinoa wembe. Tulikuwa tumepewa mtoto wa mbwa, na alitaka kumkata masikio "ili awe mkali". Sikuweza kumshangaa, maana nilipokuwa na miaka kumi na mbili, mimi ndiye niliyeshika miguu ya Simba wakati kaka yetu mkubwa akimkata. Bila ganzi, bila dawa. Vidonda viliingia funza, na tulivipaka majivu mpaka sikio moja likaoza. Simba aliishi, lakini kila mtu akinyoosha mkono kuelekea kichwa chake alijikunyata. Sisi tukasema ndiyo ukali wenyewe huo. Leo najua ilikuwa hofu tu.

Babu alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, akasema bila kugeuka: "Mura, mwizi wa ng'ombe anakuja usiku wa giza. Hayo masikio atayaonea wapi?"

Mdogo wangu akacheka, mimi nikakosa la kusema. Zizini mbele yetu alisimama maksai wetu mzee. Yeye alihasiwa na bwana mifugo kwa koleo la Burdizzo, ambalo halipasui ngozi. Hubana na kukata njia ya damu na mbegu kwa ndani, na korodani husinyaa taratibu. Ni mfuko mtupu anaotembea nao mwaka wa ngapi sasa, na hakuna mtu aliyewahi kumwonea aibu. Tunamheshimu kwa jembe analovuta, na ada yangu ya kidato cha tano ilitoka kwenye mahindi aliyolima.

Jumatatu nilirudi darasani, nikamwomba radhi yule kijana mbele ya wenzake. Nikamwambia swali lake lilikuwa sahihi na jibu langu ndilo lililokuwa baya. Kisha nikaandika ubaoni maswali matatu ya kumuuliza yeyote anayetaka kubadilisha mwili wa mnyama: Nani anafaidika? Nani anaumia? Ipo njia nyingine?

Tuliyapitisha maswali hayo kwenye korodani za silikoni, kwenye botoksi ya ngamia, halafu kwenye masikio ya mbwa wetu. Kicheko kiliisha tulipofika hapo. Mmarekani angalau mbwa wake amelazwa kwa dawa ya usingizi, ilhali sisi tulitumia wembe. Sheria yetu ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumsababishia mnyama mateso yasiyo ya lazima, na masikio ya Simba hayakuwa na ulazima wowote. Binti mmoja akauliza: "Sasa mwalimu, mbwa anahitaji nini kweli?"

Jibu la swali hilo lipo pale pale Serengeti: chanjo. Tangu mwaka 2003 mbwa wa vijiji vinavyozunguka hifadhi wamekuwa wakichanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa kwa kampeni kubwa, na kanuni inayofuatwa ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa ili ugonjwa ukose njia. Karibu vifo vyote vya binadamu vya kichaa cha mbwa hutokana na kuumwa na mbwa, na dalili zikishaanza hakuna tiba. Ukiumwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha kimbilia kituo cha afya siku hiyo hiyo. Hayo nayo tuliyaandika ubaoni.

Wenzangu wa ualimu, mtapangiwa shule ambazo swali litakuja kwa namna ya mzaha. Msimkalishe mtoto chini kama nilivyofanya mimi. Nyuma ya mzaha wa yule kijana kulikuwa na somo la homoni, la urithi, la sheria na la huruma, na nusura nilipoteze kwa kuogopa kuchekwa.

Yule mtoto wa mbwa amekua. Amechanjwa, na masikio yake yote mawili yapo. Usiku akisikia kitu zizini huyasimamisha kwanza, ndipo anabweka.