Tripu si kipimo: jinsi ya kununua kokoto, mchanga na kifusi

Mfanyabiashara anayenunua mchele bila kupandisha gunia kwenye mizani atachekwa sokoni. Lakini mtu huyo huyo akianza kujenga nyumba ya kupangisha au fremu za maduka, hununua mchanga na kokoto kwa "tripu", wala haulizi tripu moja ina kiasi gani. Wiki hii ukurasa huu unaeleza namna ya kuagiza bidhaa hizi ili fedha ya mjenzi isiishie barabarani.

TANI AU UJAZO?

Madereva wengi hutaja lori kwa tani: "hii ni tani 7." Fundi kwa upande wake anapiga hesabu ya zege kwa mita za ujazo. Vipimo hivi viwili havilingani. Mita moja ya ujazo ya kokoto ina uzito wa takriban tani 1.5, na ya mchanga mkavu takriban tani 1.6. Kwa hiyo tani 7 za kokoto ni kama mita za ujazo 4.7 tu. Anayedhani amenunua 7 amepungukiwa na theluthi moja kabla kazi haijaanza.

Dawa yake ni futi kamba. Pima urefu na upana wa bodi kwa ndani, kisha kimo cha mzigo wenyewe, si kimo cha ubao. Mzigo ukiwa na kichuguu katikati, usawazishwe kwanza, kisha chomeka kijiti pembe zote nne na katikati, uchukue wastani. Zidisha vipimo vyote vitatu. Fanya hivyo lori likiwa kwako, kabla halijamwaga, kwani mzigo hushuka njiani kwa mtikisiko, na ukishamwagwa chini ni vigumu kuupima.

MFANO WA WAUZAJI WAWILI

Bei zifuatazo ni za mfano tu, si za soko. Muuzaji wa kwanza anataka sh. 280,000 kwa tripu ya kokoto. Bodi lake lina mita 3.8 kwa 2.1 na mzigo una kimo cha mita 0.6, yaani mita za ujazo 4.79. Wa pili anataka sh. 300,000; bodi ni mita 4 kwa 2.2, kimo mita 0.7, yaani 6.16. Kwa tripu, wa kwanza ni rahisi. Kwa mita ya ujazo, wa kwanza anauza karibu sh. 58,500 na wa pili karibu sh. 48,700.

Hata hivyo, hesabu haiishii hapo. Tuseme unamwaga jamvi la mita 10 kwa 8, unene sentimita 10. Hilo ni zege mita za ujazo 8. Kwa mchanganyiko wa saruji moja, mchanga mbili na kokoto nne, utahitaji mifuko ya saruji ya kilo 50 ipatayo 50, mchanga mita za ujazo 3.5 na kokoto 7. Ongeza asilimia 10 ya kupotea, na kokoto zinakuwa 7.7.

Kwa muuzaji yeyote kati ya hao utahitaji tripu mbili. Wa kwanza atakupa 9.58 kwa sh. 560,000, wa pili 12.32 kwa sh. 600,000. Kama nguzo na linta zinafuata karibuni, ongeza sh. 40,000 uchukue kwa wa pili. Kama kazi inasimama hapo, ziada ile ni mtaji uliolala nje, unaopungua kila siku. Basi nunua kwa wa kwanza, au ugawane mzigo na jirani anayejenga.

UBORA KABLA YA BEI

Mchanga wenye unyevu huvimba. Unyevu wa asilimia 5 hivi unaweza kuongeza ujazo wake kwa robo, hivyo lori lililojaa mchanga mbichi halina mchanga sawa na lililojaa mkavu. Kagua pia udongo uliomo. Jaza mchanga nusu ya chupa inayoonekana ndani, tia maji yenye chumvi kidogo, tikisa, acha saa tatu. Matope yatakaa juu ya mchanga. Ikiwa mchanga una kimo cha sentimita 10 na matope yamezidi milimita 8, ukatae au uoshwe. Mchanga wa baharini usitiwe kwenye zege lenye nondo, kwani chumvi yake huleta kutu.

Kwa mjenzi wa Dar es Salaam, kokoto ngumu za Lugoba husafirishwa zaidi ya kilomita 100, na nauli ni sehemu kubwa ya bei. Kokoto za mawe ya chokaa na matumbawe ya pwani hutoka karibu zaidi, lakini kwa kawaida ni laini na hunywa maji. Zinaweza kufaa kwa kazi nyepesi. Kwa nguzo, linta na slabu, lipa nauli.

Kifusi cha kujazia msingi kiwe moramu au udongo wa kichanga. Udongo mweusi wa mbuga uache bustanini: hupanuka ukilowa, hunywea ukikauka, na sakafu hupasuka. Kifusi kishindiliwe kwa tabaka za sentimita 15. Kwa kuwa hupungua kikishindiliwa, agiza zaidi ya nafasi unayojaza kwa karibu robo.

MAPATANO NA MALIPO

Kabla lori halijaondoka machimboni, patana mambo manne: ukubwa wa kokoto, bei kwa mita ya ujazo, mahali pa kumwaga, na nani analipa likikwama. Usimalize kulipa kabla ya kupima. Dai risiti, na uliza mzigo umetoka machimbo gani. Kwa Sheria ya Madini ya mwaka 2010, mchanga na kokoto ni madini, na mchimbaji anatakiwa kuwa na leseni na kulipa mrabaha. Mzigo wa bei ya kutupa uliochotwa bondeni usiku unaweza kuzuiliwa njiani, na fedha uliyotanguliza ikapotea nao.

Mwisho, tazama kalenda. Masika huanza Machi, barabara za machimboni huharibika, na malori yanayofika huwa machache. Mwenye fedha na mahali pa kuhifadhi anunue kokoto Januari na Februari. Saruji isubiri siku ya kazi, kwa sababu kokoto hazigandi zikinyeshewa.