Klipu ya pistoni ikikataa kutoka kwenye msumeno wa zamani

Mwenye msumeno wa injini, ule tunaouita pawasoo, anajua hesabu yake: ukilala karakana siku tatu, kazi ya kupasua mikaratusi kule Uriri au Rongo inachukuliwa na mwingine. Ndiyo maana wengi wetu hufungua injini wenyewe nyumbani. Kazi huenda vizuri hadi mtu anapofika kwenye kitu kidogo kuliko ukucha, yaani klipu inayoshika pini ya pistoni. Hapo bisibisi huteleza, klipu huruka, na asubuhi iliyoanza vizuri huishia hospitalini.

Klipu hiyo ni waya wa springi uliopindwa kama pete yenye mwanya. Ziko mbili, moja kila upande wa pistoni, na kila moja imekaa ndani ya mfereji mwembamba. Huzuia pini isitembee pembeni na kukwaruza ukuta wa silinda. Katika msumeno mkuukuu, masizi na oili iliyoungua hujaa mferejini hadi pete ikaganda. Kama msumeno ulikaa stoo msimu mzima wa mvua, kutu nayo huongezea.

Anza kwa kuvaa miwani ya kinga yenye kioo kisicho na rangi. Ile ya jua haitoshi, kwani itakufanya usione mferejini. Chomoa waya wa plagi, mwaga petroli yote, kisha fungua silinda na uivute polepole.

Sasa tazama chini ya pistoni. Utaona tundu linaloingia ndani ya injini, mahali krenki inapozungukia. Liziba kwa kitambaa safi kisicho na nyuzi zinazochomoka. Mafundi wengi wa jua kali watakuambia hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na ndiyo ghali zaidi. Klipu ikidondokea humo bila wewe kujua, siku utakapowasha msumeno itasagwa kati ya krenki na beringi, na hapo hununui klipu tena, unanunua injini.

Safisha eneo la klipu kwa brashi ngumu na mafuta taa, mbali na moto. Kwangua masizi kwa kijiti au ncha ya plastiki, kwa sababu pistoni ni alumini na chuma huichuna. Paka mafuta ya kulegeza kutu na uache hadi kesho yake. Najua hakuna anayependa kusikia neno kesho, lakini usiku mmoja huokoa pistoni nyingi. Ikiwa bado imeganda, zungushia pistoni kitambaa kilichochovywa katika maji moto na kukamuliwa. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma inapopata joto, kwa hiyo mfereji hulegea kidogo. Usitumie moto wa gesi.

Kwenye ukingo wa tundu la pini, pistoni nyingi zina kipengee kidogo. Ingiza hapo chombo chembamba chenye ncha iliyopinda, hata msumari ulionolewa utafaa. Funika klipu kwa kidole gumba cha mkono wa pili, kisha inua ncha moja ya waya kuelekea ndani ya tundu hadi itoke mferejini. Ikiruka, itagonga kidole. Ikiwa haisogei, rudia mafuta badala ya kuongeza nguvu. Pini ikibana baada ya klipu kutoka, isukume ukiwa umeshikilia pistoni. Kuigonga kwa nyundo hupinda mkono unaoibeba.

Klipu ya nje, ile inayoshika ngoma ya klachi kwenye misumeno mingi, ni rahisi zaidi. Safisha vumbi la mbao, funika kwa kitambaa, sukuma kwa bisibisi bapa.

Klipu iliyotoka usiirudishe, hata ikionekana nzima. Imeshapindwa na haitabana kama awali, nayo mpya ni miongoni mwa spea za bei ya chini kabisa. Unapoiweka, mwanya wake uangalie juu au chini, usiangalie pembeni. Pistoni hupanda na kushuka maelfu ya mara kwa dakika, na mwanya ukiwa pembeni mitikisiko hiyo huweza kuibana pete hadi ikachomoka. Kisha izungushe kidogo kwa ncha ya chombo uhakikishe imekaa mferejini pande zote, ndipo utoe kitambaa.

Kipande cha chuma kikiingia jichoni, usisugue wala usijaribu kukitoa. Funika jicho bila kulikandamiza na uende kituo cha afya kilicho karibu, au Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Migori, siku hiyo hiyo, hata kama maumivu yametulia.